Bahasha Tupu ya Meli Nyekundu

Msikitini

Siku ile, huku ugenini, walikuwepo dada yangu Mwanahawa na mumewe Seif. Sheikh Mbaraka aliyeswalisha. Bwana Jaffer wa duka la vitambaa, ambaye kwao ni Mtwara na swala yake ni ya Kishia, lakini misiba yetu haikosi. Mama Zaituni, Mkongomani wa mtaa wa Mount Dennis, aliyepika. Odhiambo, Mkenya na Mkristo, ninayefanya naye kazi ghalani Downsview, aliyevua viatu mlangoni akakaa nyuma kabisa kama mtu aliyechelewa. Na safu mbili za waumini wa kila siku. Alikuwepo pia mzungu mmoja mzee mwenye koti la sufu, ambaye kila mmoja wetu alidhani ni mgeni wa mwenzake. Na mbele yetu sote, ndani ya jeneza, alikuwepo mdogo wangu Rajabu.

Nawataja kwa sababu wote walisikia nilichosema, na hayo mnayoniuliza tangu nirudi yanaanzia hapo.

Mnajua desturi. Kabla maiti hajaswaliwa, mkubwa wake husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu amfuate yeye, na anayeweza kusamehe asamehe. Mimi ndiye mkubwa. Wazazi wetu walifariki Lindi, nikiwa darasa la sita, wakafuatana kama watu walioahidiana. Niliacha shule nikaenda kwenye tanuri la mikate, ili Rajabu na Mwanahawa waendelee kusoma. Tangu hapo kila paliposemwa "mzazi wa mtoto huyu yuko wapi," nimesimama mimi. Basi nikasimama na siku hiyo.

"Anayemdai ndugu yangu Rajabu, deni lake liko kwangu," nikasema. Seif akatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni.

Kwa kawaida watu huinamisha vichwa, swala ikaanza. Lakini yule mzee mwenye koti akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

"Mimi namdai," akasema. "Namdai bahasha."

Bwana Jaffer akaniinamia sikioni. "Bahasha yenye nini?"

Seif akauliza. Mzee akajibu kwa upole, "Haina kitu. Ni tupu."

Niliona mabega ya watu yakitikisika, wanajizuia wasicheke mbele ya maiti. Sheikh hakucheka. Aliniambia, "Umeshasema. Chukua jina lake."

Baada ya maziko tulimleta nyumbani Lawrence Heights, tukampa wali, akatueleza. Aliitwa Bwana Leslie. Rajabu alikuwa mpishi kwenye meli ya walinzi wa pwani, meli nyekundu yenye mstari mweupe, na sisi tulijua hilo tu. Hatukujua kwamba duniani kuna watu wanaokusanya bahasha za meli. Mtu huandika anwani yake mwenyewe juu ya bahasha, hubandika stempu, huipeleka melini ndani ya bahasha nyingine. Melini kuna mtu mwenye muhuri. Huigonga ile bahasha muhuri wa meli, kisha ikifika bandarini huiposti, ikarudi kwa mwenyewe. Ndani hamna neno lolote. Ushahidi uko juu: kwamba meli hiyo, siku hiyo, ilikuwepo mahali hapo.

Kwenye meli ile mwenye muhuri alikuwa Rajabu. Hakuna aliyetaka kazi hiyo, akaichukua mpishi.

"Kila niliyompelekea alinirudishia," Bwana Leslie alisema. "Hii ilikuwa ya siku ya mwisho ya meli kufanya kazi. Haikurudi. Nilipiga simu hapa kuulizia, dada yako akaniambia msiba uko wapi. Niliona aibu kutokuja."

Mwanahawa akamuuliza, "Unaweza kumsamehe?"

"Simkasirikii hata kidogo," akajibu. "Alikuwa mtu mwema."

"Si hasira, bwana. Kumwachia. Useme umemwachia."

Akatutazama mmoja mmoja. "Lakini nikimwachia, bahasha sitaipata."

Seif alitoka nje akacheka huko. Mimi nilikwenda kwa Sheikh Mbaraka. Nilidhani ataniambia ni jambo dogo. Akaniambia, "Aliipokea, akaiweka. Hiyo ni amana, na amana ni nzito kuliko deni. Ndugu yako amefungwa nayo."

Nikaomba likizo ghalani. Odhiambo aliposikia alishika kichwa. "Buda, unaenda huko kwa mabarafu juu ya bahasha? Na haina kitu ndani?"

"Haina."

"Sasa ingekuwa na kitu ndani ungeenda mpaka wapi?"

Kando ya mto

Meli ilistaafishwa kwa sababu ya uzee. Aliyeinunua alitaka kuifanya hoteli, akashindwa njiani, akaiacha imefungwa kwenye gati la kisiwa kimoja katika ghuba ambako mto ule mkubwa unamwagikia. Rajabu aliugua ikiwa kwenye safari ya mwisho. Alishushwa kwa machela, hakupona, na vitu vyake vikabaki melini.

Mama Zaituni aliniambia huko watu husema Kifaransa tu, akanifundisha sentensi moja: mimi ni ndugu wa mpishi. "Rudia, papa. Hapana! Unasema kama mtu anayekohoa. Rudia." Niliirudia jikoni kwake mpaka mboga ikaungua. Mwanahawa alinifungia maandazi na mayai, na shali la Rajabu.

Basi la Montreal lilikuwa na wanafunzi waliolala midomo wazi. Mvua ya baridi ilitufuata. Montreal nilibadili basi, na kuanzia hapo kila aliyenisemesha nilimtazama tu.

Tulisimama mahali pa kula, kando ya mto ambao umeshakuwa mpana hata ng'ambo haionekani. Maandazi yalikuwa yamekwisha. Mhudumu, mama mnene mwenye miwani, akaniletea supu ya kunde. Nikaona ndani yake vipande vya nyama ya waridi, ya nguruwe. Nikaisogeza. Akauliza kitu. Sina Kifaransa zaidi ya kile kimoja, nikakitoa: mimi ni ndugu wa mpishi.

Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono, akanipitisha nyuma ya kaunta, akanisukumia jikoni huku akipiga kelele za furaha. Mpishi akageuka. Alikuwa mtu mweusi, Mhaiti, mrefu, na kijiko mkononi. Tukatazamana.

Akasema kitu kirefu. Nikasema sentensi yangu tena, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. Halafu akanijaribu kwa Kiingereza. "Mama yangu alizaa wasichana watupu. Wewe ulitoka wapi?"

Nikamweleza: mpishi ni mwingine, amefariki, naifuata meli yake. Akaacha kucheka. Alinikaangia mayai na viazi kwenye sufuria aliyoiosha upya mbele ya macho yangu, bila mimi kumwomba, akasema kwao vilevile mtu haachwi na kitu cha watu shingoni. Kisha akauliza meli gani. Nilipomwambia ni ile nyekundu iliyofungwa kisiwani, akageuza mayai kwanza.

"Nilikuwa na mteja baharia," akasema. "Alisema meli ile haipendi kupungukiwa mtu."

Honi ya basi ikalia. Sikupata kumuuliza zaidi.

Juu ya feri

Gatini niliambiwa feri haitoki kwa sababu ya ukungu. Tulikaa kwenye chumba cha kusubiri, mimi na wavuvi na mwanamke mwenye kuku kwenye kikapu. Ukungu ulikuwa umesimama nje ya dirisha kama ukuta uliopakwa chokaa. Kila aliyeingia alionekana kwanza miguu. Tulipoondoka ilikuwa mchana, lakini mchana usio na jua wala kivuli. Feri ilikwenda ikipiga honi, inanyamaza, inasikiliza, inapiga tena.

Mama aliyeuza chai humo alisema Kiingereza kama changu, cha kuokota. Aliniuliza naenda kwa nani.

"Kwenye meli nyekundu."

"Ah. Ile." Akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi. "Jikoni kwake kuna taa. Kutoka kwangu naiona."

"Nimeambiwa imekatwa umeme."

"Haina umeme," akakubali, akaendelea kupangusa.

Sikumuuliza swali jingine. Si kwamba niliogopa. Nilimwona yeye mwenyewe hajajiuliza, na sikutaka kumwanzishia.

Melini

Kisiwa kina barabara moja, kanisa la mbao, duka ambalo ndilo posta, na gati. Nyumba zimepakwa rangi kali, za njano na za zambarau. Nadhani ni ili watu waweze kuziona ndani ya ukungu. Mlinzi wa meli aliitwa Armand, mtu wa makamo mwenye kofia iliyofunika masikio, na ufunguo kwenye kamba shingoni. Nikampa sentensi ya Mama Zaituni. Safari hii ilifika mahali pake. Akavua kofia.

"Raja," akasema. Ndivyo walivyomwita. "Raja alinipikia kuku mwenye nazi."

Meli ilitokea ghafla, nyekundu, ukuta mrefu unaopanda na kupotea juu. Kutu ilikuwa imeshuka kutoka kila tundu kama machozi ya mtu mwenye wanja. Tulipanda ngazi. Armand alinionyesha kila kitu kwa kuchelewa, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ya baba yake. Hapa ndipo ilipovunjia barafu, ili meli za dawa na unga zifike visiwani. Kwa winchi hii iliyapandisha maboya yaliyolegea. Kwa upande huu ilivuta wavuvi kutoka majini, wengine wazima na wengine la.

"Mwaka mmoja wa baridi," akasema, "kabla ya Raja, walitafuta mashua ya hapa kisiwani. Walitafuta mpaka wakaishiwa mafuta. Walipata wavu tu. Mpishi wa wakati ule alikuwa ameshapakua chakula cha watakaookolewa. Hakukimwaga. Tangu siku hiyo jikoni humu huwekwa sahani moja zaidi. Mpishi akiondoka, humwambia anayekuja."

Nilisimama. Nilikumbuka Rajabu aliwahi kunipigia simu kwa kadi, sauti inakatika. "Kaka, huku napika sahani ya mtu asiyekuwepo." Nikamwambia, "Basi kula wewe." Alicheka. Kadi ikaisha.

Jikoni kulikuwa baridi kuliko nje. Armand aliwasha tochi. Vumbi na chumvi vilikuwa vimefunika kila kitu: majiko, masinki, ndoano za vikombe. Juu ya meza ya chuma palikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani, kama anavyowekewa mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Hizo sahani mbili hazikuwa na vumbi.

"Wewe?" nikamuuliza Armand.

Akatikisa kichwa. "Mimi humu siingii."

Nikafunua. Hapakuwa na kitu. Sahani ilikuwa safi na kavu, ila ilikuwa na uvuguvugu. Huenda ilikuwa mikono yangu, maana ilikufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi hauna ushahidi. Lakini harufu ya hiliki haikuwa ya mikono yangu. Armand naye aliisikia; nilimwona anavuta pumzi, kisha anatazama mlango.

Nilipekua droo. Katika ya tatu, ndani ya kopo la biskuti, nikaikuta. Bahasha nyeupe, stempu yake pembeni, jina la Bwana Leslie kwa mwandiko wake wa mshazari. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaisogeza kwenye tochi. Hapakuwa na muhuri. Rajabu alishushwa kwa machela kabla hajaugonga.

"Muhuri uko wapi?"

Armand akaonyesha chini, kwenye maji. Siku ya mwisho nahodha aliutupa gatini mbele ya mabaharia wote, ili mtu asije akaghushi bahasha za meli iliyokufa. Ndiyo kawaida yao. Armand mwenyewe aliona maji yakiruka.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimefika mwisho wa nchi ya watu, na amana iko mkononi mwangu, na haifai. Armand alinigusa bega, akasema ukungu unazidi na ngazi inateleza. Nikasema naichukua hivyohivyo. Akakataa. Kitu cha melini hakitoki bila mwenye meli kukubali; atampigia simu. Nilitaka kubisha, lakini mimi pia ninakaa kwa kufuata maneno ya wenye mali ghalani, namjua mtu anayelinda kibarua chake. Niliirudisha, lakini si kwenye kopo. Niliiweka juu ya meza kando ya zile sahani, nikasema kwa Kiswahili, "Rajabu, kazi yako hii hapa." Nilisema kwa uchungu. Sikuwa namwita.

Armand akafunga mlango wa chuma kwa ufunguo wa shingoni, akaujaribu mara mbili.

Asubuhi

Nililala kwake. Mkewe alitupikia samaki wa chumvi na viazi, akaniwekea shuka zilizonukia moshi. Hawakuwasha televisheni. Armand alikula ufunguo ukiwa bado shingoni, na mkewe alipomtania kwa Kifaransa akauingiza ndani ya fulana.

Asubuhi mwenye meli alikubali kwa simu. Aliuliza tu kama bahasha ni ya thamani, akaambiwa ni tupu. Tukarudi. Ukungu ulikuwa palepale. Armand akafungua.

Bahasha ilikuwa imeegemezwa kwenye sahani, wima, jinsi mtu anavyoanika kitu kikauke. Upande wa kushoto palikuwa na muhuri wa buluu: picha ya meli, nanga mbili, na tarehe ya siku yake ya mwisho ya kazi. Niligusa pembe ya nanga. Kidole kikatoka na wino.

Armand alirudi nyuma mpaka akagonga friji. Alishika ufunguo, akaniangalia mimi, nami nikamwangalia yeye. Najua mnachofikiri, maana Odhiambo amenishika koo na hilo: mlinzi ndiye aliyekuwa na ufunguo, mlinzi alimpenda Rajabu, mlinzi huenda aliuopoa muhuri siku nyingi akauficha, akatoka kitandani kunionea huruma. Inawezekana. Nilimuuliza.

"Armand, ni wewe?"

"Nilitaka kukuuliza wewe," akasema.

Midomo yake ilikuwa myeupe. Kama alikuwa anaigiza, basi watu wa kisiwa kile wamepoteza mwigizaji.

Nilichukua bahasha. Kabla ya kutoka nilizifunika tena zile sahani. Armand alipiga ishara yao ya msalaba, mimi nikasoma Fatiha, tukashuka ngazi kila mtu akimtanguliza mwenzake.

Hapo sasa sikilizeni vizuri. Tulipopita dukani, Armand alionyesha sanduku jekundu la posta mlangoni. "Weka humo. Itafika kabla yako."

Nilimtazama kama aliyeniambia niitupe baharini. Amana niliyoifuata basi kwa basi, feri kwa ukungu, niitumbukize kwenye tundu la chuma? Tanurini Lindi, mtu akinipa pete ya mkewe nimpelekee fundi, naifunga kwenye pindo la shuka nampa mwenyewe mkononi. Nilimwambia Armand, "Kwetu amana haitupwi." Akaanza kueleza kitu, Kiingereza chake kikamwishia, akarudi kwenye Kifaransa, mikono ikiruka. Nikamkumbatia. Nilidhani ananihimiza nisisumbuke. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaivaa kifuani chini ya shati.

Kurudi

Feri iliondoka mara moja, bahari tulivu. Mama wa chai hakuwepo zamu. Nilisimama nje kwenye ubaridi kuangalia nyuma, na kwa sababu ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, niliiona meli nzima. Katika safu ya madirisha ya chini, dirisha moja lilikuwa la manjano. Jua lilikuwa upande ule, sisemi halikuwa jua.

Mabasini sikulala. Kila nilipopitiwa na usingizi nilihisi mtu ameketi siti ya pembeni, mwenye uzito wa Rajabu, anayeegemea kama alivyokuwa akiegemea utotoni kwenye gari la mizigo tulipokuwa tunapeleka mikate. Nikifumbua macho siti ni tupu. Mara moja kijana aliyetaka kukaa pale aliniuliza, "Kuna mtu?" Nikajikuta nimeweka mkono juu ya siti, akaenda akakaa mbele.

Mhaiti nilimkuta. Alinipungia kijiko kupitia dirisha la jikoni. "Ndugu yangu! Umeipata?" Nikagonga kifua changu. Akapiga makofi, mama mnene naye akapiga bila kujua sababu.

Mount Dennis

Bwana Leslie anakaa ghorofani, jengo moja na Mama Zaituni, na walikuwa hawajawahi kusalimiana kabla ya msiba. Nilikwenda na Mwanahawa anitafsirie. Nyumba yake ina kiti kimoja cha kukalia. Penginepo pote ni majalada ya meli. Alitupisha kiti, tukagawana mimi na dada yangu kama tulivyozoea.

Alifungua jalada kwenye ukurasa wa meli yetu. Nilimwona mdogo wangu bila kumwona: bahasha baada ya bahasha, mihuri yote imenyooka, hakuna uliopinda. Rajabu ambaye nilikuwa nikimchapa kwa kutandika kitanda ovyo. Hapa barafu ya kwanza, hapa maboya, hapa uokoaji. Mwisho wa ukurasa palikuwa pameachwa pengo.

Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliiweka chini ya taa na kioo cha kukuzia.

"Ni wenyewe," akasema taratibu. "Nanga ya kulia ina kovu. Nilisikia muhuri ulitupwa." Akaninyanyulia macho. "Nani aligonga?"

"Mwambie sijui," nikamwambia Mwanahawa.

Alipokea jibu hilo kwa heshima, akarudi kwenye kioo. Kisha kikasogea kwenye pembe ya stempu, kikakaa hapo. Akaigeuza bahasha, akaigeuza tena.

"Hii haijapita posta."

"Mwambie haijaguswa na mtu," nikasema kwa fahari. "Nimeitoa kule kwa mkono wangu, kifuani, mpaka kwake."

Mwanahawa akatafsiri. Bwana Leslie akafunga macho. Alieleza polepole, bila kunilaumu, na dada yangu alikuwa akipunguza sauti kadiri alivyoendelea. Bahasha ya meli lazima isafiri yenyewe. Muhuri wa meli ni nusu. Nusu nyingine ni muhuri wa posta ya bandari ile, juu ya stempu, kuonyesha kwamba meli iliileta nchi kavu na nchi kavu ikaipokea. Bila huo, ni karatasi iliyochorwa. Ningeitumbukiza kwenye lile sanduku jekundu ingekuwa imekamilika.

"Kaka," Mwanahawa akasema, "ngoja nimwombe tena." Akamgeukia. "Mzee wangu, kaka yangu amesafiri sana. Mwachie ndugu yetu. Sema tu umemwachia."

Yule mzee alitazama pengo la ukurasa. Niliona hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu aliyebakiwa na ukurasa mmoja wa kumaliza. "Siwezi kusema uongo mbele yenu," akajibu. "Bado naitaka."

Nilimheshimu kwa hilo kuliko wengi wanaosema wamesamehe. Nikaichukua bahasha.

Lawrence Heights

Barafu imeshaziba ghuba. Feri haiendi mpaka majira yageuke. Seif anasema niitie ndani ya bahasha kubwa, nimpelekee mwenye duka kule aiposti. Nimemwambia ikipotea njiani, nitakwenda kumwambia nini Rajabu? Kosa lilikuwa kuiondoa pale kwa mkono, na mkono uleule ndio utakaoirudisha. Nitasimama mbele ya lile sanduku, nitaiachia. Ghalani wamenipa likizo nyingine, bila malipo. Odhiambo kaninunulia soksi.

Bwana Leslie anakohoa. Mama Zaituni humpelekea uji, hunipigia simu kunieleza alivyoamka, nami husikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa kabla ya kuvuka.

Mmeniuliza kama sasa nimetulia. Nitawaambia moja tu, kisha mniache. Mlango wetu una tundu la barua lenye kifuniko cha bati. Mtu wa posta hupita mchana, huangusha matangazo na bili, huenda zake. Nyayo zake huonekana kwenye theluji, za kuja na za kwenda. Baada ya muda, kile kifuniko hunyanyuka tena. Kinakaa wazi, kama mtu anayechungulia kama zamu yake imefika. Upepo wa baridi unaingia. Hakuna kinachoanguka. Kifuniko kinashuka polepole, bila kugonga, jinsi anavyokishusha mtu asiyetaka kuamsha watoto. Mwanahawa amekiona. Nje, nyayo ni zilezile za mtu mmoja.

Jana nilikaa chini karibu na mlango nikakingoja. Kiliponyanyuka nikasema, "Nakwenda, mdogo wangu. Barafu ikiachia tu, nakwenda."

Kilibaki wazi kwa muda mrefu kuliko siku zote.